UZI: Kamera ilisimama wapi? Jinsi pembe ya picha inavyojenga taharuki kwenye filamu za kusisimua

Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Nafuatilia sana mijadala ya filamu za kusisimua, na naona sifa zote huishia kwa waigizaji na kwa aliyetunga hadithi. Muuaji kacheza vizuri, mwisho haukutabirika, basi. Leo naomba tumjadili mtu asiyeonekana kabisa kwenye skrini: yule aliyeamua kamera ikae wapi. Ile hofu inayokushika mhusika anaposogelea mlango, sehemu yake kubwa imeshapangwa kabla mwigizaji hajafungua mdomo.

Hoja yangu nitaisema mapema ili atakayeipinga ajue anapinga nini: hakuna pembe inayotisha yenyewe. Wengi tumefundishwa kwamba kamera ikiwa chini mtu anaonekana mkubwa na mwenye nguvu, ikiwa juu anakuwa mnyonge, ikilazwa upande dunia imevurugika. Si uongo. Lakini ukiishia hapo utapiga filamu nzima kwa pembe za ajabu na hakuna atakayeshtuka. Mimi naamini taharuki inazaliwa na mambo mawili: pembe inakuficha nini, na imehama kutoka wapi.

Nianze na kuhama. Tazameni *12 Angry Men* ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Sidney Lumet na kupigwa picha na Boris Kaufman. Wanaume kumi na wawili wa jopo la mahakama wamefungiwa chumbani waamue kama kijana mmoja ana hatia ya kuua. Karibu filamu yote imo ndani ya chumba hicho. Hakuna anayekimbizwa, hakuna risasi inayolia, na bado ukifika katikati umeshakaa ukingoni mwa kiti. Lumet alieleza baadaye alivyofanya: theluthi ya kwanza ya filamu kamera ilikuwa juu ya usawa wa macho, theluthi ya pili ikashushwa hadi usawa wa macho, na theluthi ya mwisho ikawa chini yake, hata dari likaanza kuonekana. Wakati huohuo alikuwa akibadilisha lenzi. Alianza na za milimita 28 hadi 40, akaenda 50, kisha 75, kisha 100. Lenzi ndefu, yaani yenye namba kubwa zaidi, hufanya kilicho nyuma kionekane kimemkaribia mtu aliye mbele. Kwa hiyo kuta zinawasogelea wale wanaume na dari linawashukia, ilhali chumba hakijapungua hata inchi. Wewe unaona joto tu, unaona hasira tu, na kifua kinakubana bila kujua umebanwa na nini. Halafu mwishoni wanatoka nje, lenzi inakuwa pana, na mtazamaji anashusha pumzi pamoja nao.

Angeanza na kamera sakafuni tangu dakika ya kwanza, angebakiwa na nini cha kufanya dakika ya themanini?

Sasa kuficha. *Psycho* ya Alfred Hitchcock, 1960. Mpelelezi Arbogast anapanda ngazi za nyumba anayoipeleleza. Kamera iko mbele yake, inarudi nyuma kadiri anavyopanda, kwa hiyo tunauona uso wake ila anakokwenda hatukuoni. Mlango wa juu unafunguka kidogo. Ghafla tunahamishwa hadi karibu na dari, tunatazama chini moja kwa moja, na mtu anatoka chumbani na kisu. Hitchcock alikuwa na tatizo hapo: uso wa "mama", yaani muuaji tunayeaminishwa kuwa ni mama wa mwenye nyumba, haukutakiwa kuonekana, na kama angempiga picha kwa mgongo tu, watazamaji wangeshtukia kwamba kuna kitu wanafichwa. Kutoka juu kila kitu kiko peupe, ngazi, zulia, mpelelezi, muuaji. Uso peke yake ndio haupo. Tunajiona tumeonyeshwa zaidi, kumbe tumepunjwa. Na kabla hujajipanga, anakata kwenda kwenye uso wa Arbogast uliojaa skrini nzima. Kutoka kiumbe kidogo pale chini hadi uso mkubwa kiasi hicho, bila picha ya katikati. Mruko huo ndio unaopiga moyo.

Mfano wangu wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu umeunganisha mambo yote mawili. *The Silence of the Lambs*, 1991, mwongozaji Jonathan Demme, mpiga picha Tak Fujimoto. Angalieni macho. Watu wanaozungumza na Clarice Starling, mwanafunzi wa FBI anayemsaka muuaji, mara nyingi wanatazama ndani ya lenzi kabisa, ila yeye anatazama pembeni kidogo ya lenzi. Maana yake sisi tumekalishwa kwenye kiti chake. Lecter, yule muuaji aliyefungwa anayehojiwa naye, hamkodolei Clarice, anatukodolea sisi. Hakuna kamera iliyolazwa, hakuna kamera ya darini, ni usawa wa macho tu, na yale mazungumzo yanabana koo. Kisha tunafika kwenye vyumba vya chini ya ardhi vya nyumba ya muuaji anayesakwa, taa zimezimwa. Muuaji amevaa miwani ya kuonea gizani, na kamera inakuwa macho yake. Tunamwona Clarice akipapasa hewani na bastola, haoni chochote, na mkono wa muuaji unanyooshwa karibu uguse nywele zake. Filamu nzima tumezoeshwa kuwa yeye. Dakika tunayomhitaji zaidi, tunatolewa ndani yake na kuingizwa kwa adui. Kila mara nikiirudia sehemu hiyo nahisi ile hali ya kutaka kupiga kelele ili asikie.

Karibuni wakuu, tupingane kwa hoja.

Sikio Kwanza

Mkuu, uzi umeshiba, ila naona unaipa kamera sifa isiyo yake yote. Zima sauti kwenye filamu yoyote ya kusisimua uone kama utaogopa. Zile nyuzi zinazolia kwenye *Psycho*, za Bernard Herrmann, ukiziondoa unabaki na mtu anayeanguka kwenye ngazi. Mimi nahariri sauti, na nimeshaona mara nyingi picha iliyopoa ikifufuka kwa mlio mmoja wa sakafu ya mbao.

Mleta uzi

Sikio Kwanza, hapo sikubishii, na nimefurahi umelileta wewe unayefanya kazi hiyo. Ila nadhani sauti na pembe zinagawana kazi. Sauti inakwambia kuna kitu. Pembe inakunyima kukiona.

Angalia hoteli kwenye *No Country for Old Men* (2007), picha alipiga Roger Deakins. Hakuna muziki pale. Llewelyn Moss yuko chumbani na bunduki, anatazama ule mstari wa mwanga chini ya mlango. Vivuli vya miguu vinasimama pale, kisha vinaondoka. Kisha taa ya korido inazimika na ule mstari unapotea. Kamera ingeweza kabisa kutoka koridoni ikatuonyesha Chigurh, muuaji anayemwinda, amesimama vipi. Haikutoka. Imekaa ndani na Moss, inajua anachojua Moss, yaani upenyo wa vidole viwili chini ya mlango. Sauti za nyayo zinafanya kazi kubwa kwa sababu hatuna picha ya kuzipeleka.

Sikio Kwanza

Hapo tumekutana. Sauti inayotoka nje ya fremu, yaani nje ya mipaka ya picha, ndiyo yenye nguvu. Ukishamwonyesha anayekanyaga, mlio wa nyayo umekufa.

Kiti cha Mbele

Naongezea kuhusu kuficha. *Rosemary's Baby*, 1968, ya Roman Polanski. Kuna mahali yule jirani mzee, Minnie, anaingia chumbani kupiga simu. Mpiga picha William Fraker alisimulia kwamba alikuwa amemweka vizuri katikati ya mlango, anaonekana wote. Polanski akataka kamera isogezwe mpaka kizingiti kimkate, uso usionekane. Fraker hakuelewa sababu mpaka filamu ilipoonyeshwa ukumbini: watu waliinamisha vichwa upande mmoja, wanajaribu kuchungulia nyuma ya kizingiti kilichoko kwenye skrini!

Hilo ndilo linalonisisimua mimi. Ni bibi anapiga simu tu. Hakuna kisu wala damu. Lakini kwa kusogeza kamera kidogo, mwili wako unaanza kufanya upelelezi.

Mleta uzi

Asante sana kwa huo mfano. Na tazameni kwamba kamera haikupanda wala kushuka, imesogea kando tu. Watu wakisema "pembe" wanafikiria juu na chini, wanasahau pembeni.

Mstari Mnyoofu

Mimi naomba tuzungumzie kamera ya kulazwa upande, maana naiona kila mahali siku hizi na imenichosha. Mtu akiingia chumbani tu, fremu imelala. Akipokea simu, imelala. Hivi kuna filamu ambayo hiyo kitu inafanya kazi kweli?

Kiti cha Mbele

*The Third Man*, 1949. Mwongozaji Carol Reed, picha Robert Krasker, na Krasker alipata Oscar kwa kazi hiyo. Fremu zimelala karibu filamu nzima na zinafanya kazi vizuri.

Mstari Mnyoofu

Naijua. Hata wenzake waliona zimezidi. Reed mwenyewe alisimulia kwamba rafiki yake William Wyler, naye mwongozaji mkubwa, alimpa zawadi ya pima maji, akamwambia safari ijayo aiweke juu ya kamera.

Mleta uzi

Kisa hicho ni cha kweli na kinafundisha, ila mimi nasimama na Kiti cha Mbele kwenye filamu hiyo. Holly Martins ni mgeni kwenye mji wa Vienna uliobomolewa na vita na kugawanywa na majeshi manne. Hajui lugha, kila anayemuuliza kuhusu kifo cha rafiki yake anampa jibu linalopishana na la mwingine. Hana pa kusimama, na fremu nayo haina pa kusimama. Kulala kwa kamera kuna mwenyewe: ni kuchanganyikiwa kwa Martins.

Zile zinazokuchosha hazina mwenyewe. Ukiona fremu imelala, jiulize nani hapo amepoteza mizani. Ukikosa jibu, basi mpiga picha alikuwa anapamba. Na kama kila shoti (kipande kimoja cha picha kisichokatwa) imelala, jicho linazoea baada ya dakika chache na kilichopotoka kinakuwa ndio kawaida yake.

Mstari Mnyoofu

Hilo la "nani amepoteza mizani" nalikubali. Bado Vienna naiona imezidi, tutakufa tunabishana.

Kwanza Kupiga

Shikamooni wakubwa. Nasoma tangu mwanzo na nimejifunza sana. Naomba msaada wa vitendo. Mimi na wenzangu tunataka kupiga filamu fupi kwa simu. Dada anarudi nyumbani usiku, anakuta mlango wa chumba cha ndani uko wazi ilhali aliufunga. Muuaji haonekani mpaka mwisho. Tuna korido, sebule na huo mlango tu. Kamera niiweke wapi?

Mleta uzi

Marahaba. Tena vizuri kwamba mna korido moja, kwa sababu itawalazimisha kufikiri.

Anza na hali ya kawaida, na uipige kwa uvumilivu. Simu kwenye stendi, usawa wa macho yake. Anaingia, anaweka mkoba, anapita koridoni kwenda jikoni. Chagua sehemu moja ambapo korido yote inaonekana pamoja na ule mlango ukiwa umefungwa, na uiwekee alama sakafuni. Acha apite pale angalau mara moja bila chochote kutokea. Baadaye rudi kwenye alama ileile, urefu uleule, fremu ileile, isipokuwa sasa mlango una ufa mweusi. Usiusogelee, usiukuze. Mtazamaji aliyeiona korido hiyo ikiwa salama atauona ufa mwenyewe, na pengine atauona kabla ya dada. Ukimwona mtu anamnong'oneza jirani yake "mlango, mlango!", ujue umefaulu.

Jambo la pili ni nafasi nyuma yake. Kwa kawaida tukimpiga picha mtu anayetazama kulia tunamwacha na nafasi upande wa kulia, mbele ya macho yake. Wewe geuza. Msukume kwenye ukingo wa upande anaotazama, uso wake ukaribie kugusa mwisho wa fremu, na nyuma yake uache korido yenye giza. Usiweke kitu chochote kwenye giza hilo. Hapo mtazamaji atalipekua mwenyewe kila sekunde, na atakachokifikiria kitazidi chochote mtakachoweza kukijenga kwa bajeti yenu.

Na kuhusu lenzi: simu nyingi, lenzi yake kuu ni pana. Ukimsogelea dada kwa lenzi hiyo, pua inavimba na korido inakimbilia mbali. Kama simu ina lenzi ya pili ya mbali, rudi nyuma uitumie kwa picha za uso, ule mlango utaonekana uko begani kwake.

Kiti cha Mbele

Kwanza Kupiga, kuna na suala la mstari. Dada akiwa anautazama mlango, chora kichwani mstari kutoka kwake hadi mlangoni. Shoti zako zote zikae upande mmoja wa mstari huo. Mtazamaji atajua mlango uko kulia na dada yuko kushoto, hatapotea. Ukivuka upande wa pili, ghafla wamebadilishana nafasi na ubongo unayumba. Wengi huvuka bila kujua na tukio linakuwa fujo. Lakini ukivuka kwa makusudi mara moja, sekunde ileile dada anapogundua hayuko peke yake, huko kuyumba kunakuwa kwake na kwetu.

Kwanza Kupiga

Asanteni mno. Nilikuwa na wazo la kuweka simu ndani ya chumba chenye giza, imtazame dada kupitia ule ufa, kana kwamba kuna mtu anamchungulia. Ni wazo zuri?

Mleta uzi

Ni zuri, ila lina gharama. Ukishaiweka kamera pale, umeshatangaza kwamba kuna mtu ndani. Swali la mtazamaji linahama kutoka "kuna mtu?" kwenda "atatoka lini?" Hiyo ni taharuki ya aina nyingine, na haina kurudi nyuma. Ichelewesheni. Na kama chumbani hakuna mtu, msiiweke kabisa. Mtazamaji akigundua macho yale hayakuwa ya mtu yeyote, hatawaamini tena.

Mwongozaji Steven Spielberg aliitumia kamera hivyo, kama macho, kwenye *Jaws*, 1975. Yule papa wa kutengenezwa alikuwa akiharibika mara kwa mara baharini, kwa hiyo kamera ikachukua nafasi yake, ikapita chini ya maji ikitazama juu kwenye miguu ya waogeleaji. Papa mwenyewe tunachelewa sana kumwona vizuri, lakini macho yake tumeshayatumia.

Mstari Mnyoofu

Hapo kwenye macho ya muuaji ndipo ninapopata shida, wala si ya kiufundi. Kuna filamu nyingi ambazo dakika nzima tunamfuata mwanamke kwa macho ya anayetaka kumuua, na hakuna sababu nyingine zaidi ya kutupa raha ya kuwinda. *Halloween* ya John Carpenter, 1978, inaanza hivyo, lakini ile ina hoja: barakoa inavuliwa, kamera inatoka nje ya macho hayo, na tunamkuta mtoto wa miaka 6 ameshika kisu. Tunaulizwa tulikuwa ndani ya nani. Walioiga baadaye, wengi wao walichukua macho wakaacha swali.

Kwanza Kupiga, mkiamua kutumia macho ya muuaji, amueni pia mnataka tujisikieje tukigundua tulikuwa ndani yake.

Mleta uzi

Umesema jambo ambalo nilipaswa kuliweka kwenye bandiko la kwanza. Ndiyo maana ile sehemu ya miwani ya gizani kwenye *The Silence of the Lambs* haina raha hata chembe: tumeshaishi ndani ya Clarice karibu saa mbili, hatuwezi kufurahia kumwinda.

Kwanza Kupiga

Nimeelewa. Basi swali la mwisho. Dada anapousogelea mlango, nikate mara ngapi? Wenzangu wanataka mkono, jicho, kitasa, mguu, mkono, haraka haraka.

Mleta uzi

Kukata haraka kunatoa presha, na presha hiyo inafaa akishashambuliwa. Kabla ya hapo, kila unapokata unampa mtazamaji nafasi ya kupumua, kwa sababu umemhamisha mahali pengine. Ningekuwa mimi, shoti moja tu: kamera nyuma yake, chini kidogo ya bega, inamfuata kwa mwendo wake bila kumpita. Bega lifunike nusu ya mlango. Akisimama, kamera isimame. Akirudi hatua, kamera isirudi, ili mgongo wake utujie. Pigeni mara nyingi mpaka mwendo wa mshika kamera na wa dada uwe mmoja, hiyo ndiyo kazi ngumu. Mkono, kitasa na mguu mvipige pia, mviweke akiba kwa mhariri.

Sikio Kwanza

Na kabla hamjakunja vifaa, kila mtu anyamaze, mrekodi ukimya wa korido hiyo dakika moja nzima, friji ikiwa imezimwa. Shoti ndefu isiyokatwa inahitaji ukimya wa mahali halisi chini yake, vinginevyo kila mkikata sauti mtaweka shimo na watu watalisikia. Mkimaliza kupiga leteni humu, nitawasaidia kusafisha sauti.